Maswali ya wasomaji: kuku wanaodonoana, ndama wa kuchomwa pembe na kasuku anayejinyofoa

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wafugaji. Tumechukua zile ambazo utafiti una jambo la kusema juu yake. Zile zinazotaka daktari wa mifugo amshike mnyama mwenyewe tumeziacha.

Nikate midomo au ninunue vizimba?

*Ndugu Mhariri, nina kuku wa mayai 400 kwenye banda la sakafuni, wana wiki 24. Wameanza kunyofoana manyoya mgongoni na kudonoana sehemu ya kutagia. Saba wamekufa. Jirani anasema nikate midomo. Mwingine anasema nihamie vizimba vya waya vinavyouzwa Kampala. Nishike lipi? Mfugaji, Mukono.*

Ndugu wa Mukono, usikate. Ncha ya mdomo wa kuku imejaa neva, na kwa kuku mkubwa neva zilizokatwa huota uvimbe mdogo uliovurugika ambao huendelea kurusha ishara za maumivu hata kidonda kikishakauka. Breward na Gentle walilionyesha jambo hili huko Scotland mwaka 1985. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, pale unapoiruhusu kazi hii, unataka ifanywe kwa vifaranga wasiozidi siku 10. Norway na Sweden zimeipiga marufuku kabisa, na wafugaji wa huko bado wanauza mayai.

Kuku hamdonoi mwenzake kwa hasira. Kuku wa mwituni, babu wa hawa wako, hutumia zaidi ya nusu ya mchana akichakura na kudonoa ardhi. Wako anapewa unga uliokwisha kusagwa, anaumaliza upesi, kisha anabaki juu ya matandazo yaliyoshikana kama mkeka. Mdomo unatafuta kazi, na manyoya ya mwenzake ndiyo yaliyo karibu. Damu ikitoka mara moja, kundi zima linajifunza.

Leo hii watoe waliojeruhiwa, wapake dawa ya zambarau, na usiwarudishe kabla wekundu haujaisha, maana kuku huvutwa na rangi hiyo. Ziba kwa gunia mahali ambapo jua linapenya na kuangukia viota, kwa sababu kuku anapotaga utando wake mwekundu hutokeza kwa muda mfupi, na ukimulikwa tu unadonolewa. Usilitie banda giza zima, hawatakula. Halafu kagua usiku, kwa tochi, chini ya fito na kwenye nyufa za mbao: utitiri wekundu hujificha humo mchana na hutoka kunyonya gizani. Kuku anayewashwa hujidonoa, na aliyejidonoa hudonolewa.

Baada ya hapo shughulikia matandazo, ambayo ndiyo kiini cha tatizo lako. Maganda ya kahawa ni mazuri na huko Mukono yanapatikana, ila yaanike kwanza mpaka yakishikwa yasishikane; yakiingia na ukungu utawaua kuku kwa ugonjwa wa mapafu. Tandaza kina cha sentimita 8 hadi 10 na ugeuze kwa reki mara mbili kwa wiki. Sehemu iliyolowa chini ya vyombo vya maji itoe yote, usiifunike na kavu juu yake. Kila alasiri mwaga nafaka nzima, mtama au mahindi yaliyopasuliwa, gramu 5 kwa kila kuku. Kwa kundi lako ni kilo 2, uzimwage kwa awamu mbili na uzitawanye mbali na vihori. Ning'iniza mafungu ya dodo (mchicha) au majani ya viazi vitamu kwenye usawa wa kichwa cha kuku, wayanyofoe hayo. Chakula kiwe cha unga badala ya vidonge, kwa kuwa unga huwachukua muda mrefu kuumaliza, na usibadilishe aina ghafla. Ukibadilisha, changanya ya zamani na mpya kwa siku 7. Mchanganyiko wa nyumbani wenye mukene (dagaa) wachache na bila chumvi nao huleta kudonoana, kwa sababu kuku hukosa methionini, ambayo ni kijenzi cha protini, na madini ya sodiamu.

Pima na banda lenyewe. Kuku 6 kwa mita moja ya mraba ni hesabu salama kwa hali yetu ya joto, kwa hiyo 400 wanataka kama mita za mraba 67. Viota 80, kimoja kwa kuku watano, vikiwa na giza ndani. Kihori cha kulia pande mbili kiwe na urefu wa jumla wa mita 20. Fito za kulalia ziwe sentimita 15 kwa kila kuku, maana yake mita 60 kwa kundi zima. Wengi huweka mita 15 wakidhani zinatosha, kisha wanyonge wanalala chini na asubuhi ndio wenye migongo mitupu.

Hizo fito zina siri yake. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2021 ulipapasa kuku karibu 4,800 katika makundi 40 ukitafuta mfupa wa kidari uliovunjika. Hakuna kundi lililokutwa na chini ya nusu ya kuku waliovunjika, liwe la vizimba au la bandani. Baadhi ya makundi yalikuwa na kuku wote. Waliokuwa hatarini zaidi ni kuku wenye mwili mdogo walioanza kutaga mapema na wanaotaga mayai mazito. Mfupa huo ni mrefu, mwembamba, na huchelewa kukomaa: kuku anaanza kutaga ncha yake ikiwa bado ni gegedu laini. Wakati huohuo kila ganda la yai linachukua karibu gramu 2 za kalsiamu, na usiku chakula kikiwa kimekwisha tumboni, anaikopa mifupani.

Kwa hiyo usiwaharakishe wanawali kutaga kwa kuwaongezea taa kabla hawajafikia uzito ulioandikwa na mtoaji wa vifaranga. Fito ziwe na unene wa sentimita 4 hadi 5, kingo zimeviringwa, ya kwanza nusu mita kutoka chini, nyingine zipande kama ngazi, siyo kama ukuta. Kuku akilazimika kuruka wima atashuka kama jiwe. Kalsiamu iwe ya chembe kubwa, za milimita 2 hadi 4, itolewe alasiri ili ibaki firigisini usiku ganda linapojengwa. Makombe ya ziwani yanayouzwa madukani yanafaa, lakini yaoshe kiganjani uone: mengine nusu ni mchanga. Mara moja kwa mwezi shika kuku 20, pitisha vidole viwili kwenye mfupa wa kidari kutoka juu hadi ncha. Ukigusa nundu au kona, huo ulivunjika ukaunga. Andika idadi. Ukiona inapanda upesi baada ya wiki ya 30, rudi kwenye fito na kalsiamu.

Sasa vizimba. Mwaka 1965 kamati ya Brambell huko Uingereza ilisema waya mwembamba wa matundu ya pembe sita haufai miguu ya kuku, na wengi wakaona ni busara. Mwaka 1973 Hughes na Black wakawaachia kuku wenyewe wachague sakafu, nao wakachagua uleule waya. Tangu hapo wataalamu wa ustawi wa wanyama wamejifunza kumuuliza mnyama kabla ya kumsemea. Kuku walipoulizwa mambo mengine, majibu yalikuwa wazi: watajipenyeza kwenye mlango mwembamba ili wafike kwenye kiota kabla ya kutaga, na wakinyimwa vumbi wataoga hewa tupu juu ya waya. Kizimba cha kawaida kinakosa vyote viwili, na mifupa ya kuku asiyejongea huwa dhaifu. Umoja wa Ulaya uliviondoa vizimba hivyo mwaka 2012. Kwetu bado vinauzwa, na kweli vinapunguza kuparamiana na kufanya mayai yawe safi. Ila wewe tatizo lako linatibika kwa reki na magunia ya maganda ya kahawa. Vizimba vya kuku 400 vitakugharimu mara nyingi ya hayo.

Kuku kichwa chini kwenye boda

*Nasafirisha kuku wa nyama kutoka Masaka kwenda Kampala. Nikiwafunga miguu na kuwaning'iniza naweza kupakia wengi. Mteja mmoja amenigombeza. Kuna ubaya gani, si ndivyo tulivyokuta? Mchuuzi, Masaka.*

Mteja ana haki. Kuku hana ule ukuta wa misuli unaotenganisha kifua na tumbo kama sisi. Ukimgeuza, ini, firigisi na matumbo vinalalia mifuko ya hewa, naye anavuta pumzi kwa shida. Kannan na Mench walipima damu ya kuku wa nyama mwaka 1996: walioshikwa kichwa chini walikuwa na homoni ya mfadhaiko nyingi kuliko walioshikwa wima. Utulivu unaouona akishaning'inia ni woga tu, mwili umeganda.

Na biashara nayo inaumia. Paja lililofungwa kamba linavia damu, na bawa linalopigapiga linateguka. Tumia tenga. Kuku wa kilo 2 anataka nafasi ya sentimita za mraba 320 hivi, kwa hiyo tenga la sentimita 60 kwa 90 linachukua 16, na siku ya joto wapunguze wawe 12. Waachishe chakula saa 6 hadi 8 kabla ya safari lakini maji wapewe hadi dakika ya kupakia. Wakamate gizani au kwa mwanga hafifu, mikono miwili ikiyabana mabawa mwilini. Ondoka alfajiri. Hatari kubwa ya njia yako ni foleni ya Kyengera: pikipiki ikienda upepo unawapoza, ikisimama joto la miili yao linakusanyika dakika chache tu. Turubai lisifunike pande zote nne.

Kuchoma pembe za ndama

*Nina Friesian chotara. Kijana wa hapa huchoma pembe za ndama kwa chuma cha moto, hutumia dakika moja, halafu ndama anaachiwa, anakwenda kunyonya. Mke wangu anasema ananyonya kwa kuwa ana njaa, siyo kwamba haumii. Tena ananiambia lita 4 za maziwa kwa siku hazimtoshi. Tusuluhishe. Mfugaji, Mbarara.*

Bwana wa Mbarara, mkeo ameshinda mara mbili.

Tuanze na pembe. Swali la kama ndama anaumia baada ya siku ya kuchomwa lilikuwa gumu, kwa kuwa ng'ombe huficha maumivu. Mwenye kuonyesha udhaifu porini huliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, wakapata ujanja. Waliwafundisha ndama kwamba skrini ikiwa ya rangi moja kuna maziwa na ikiwa ya rangi ya pili hakuna kitu, kisha wakawaonyesha rangi za katikati, zisizo huku wala kule. Ndama mwenye matumaini huzijaribu. Baada ya kuchomwa pembe, ndama walewale walizisogelea rangi hizo za katikati mara chache kuliko awali, na hali hiyo ilionekana hata siku iliyofuata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Mwaka 2020 Adcock na Tucker wa California wakaenda mbali zaidi: ndama waliochomwa wiki tatu nyuma walithamini mahali walipopatia ganzi. Asiyeumwa hana sababu ya kuithamini ganzi. Watafiti hao walikuwa wamekwishaonyesha kwamba vidonda vya chuma huchukua takriban wiki 9 kupona kabisa. Ile dakika moja ya kijana wako ni mwanzo tu.

Kazi inayofaa inakwenda hivi, na sindano zake apige daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyesomea. Ndama awe na wiki 2 hadi 6. Akipita wiki 8 kichipukizi cha pembe kinashikamana na fuvu, na hapo si kuchoma tena, ni upasuaji. Afungwe kwa kamba ya kichwa kwenye nguzo, asilazwe chini na kukaliwa. Kwanza apewe meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito: ndama wa kilo 40 anapata miligramu 20, ambayo ni mililita 1 ya dawa yenye nguvu ya miligramu 20 kwa mililita. Halafu ganzi ya lidokeni asilimia 2, mililita 5 kila upande, chini ya ukingo wa mfupa unaousikia kwa kidole katikati ya kona ya jicho na kichipukizi. Hapa ndipo wengi huharibu: wanapiga ganzi na kuchoma papo hapo. Subiri dakika 10, bora 15. Choma ngozi ya pembeni kwa ncha ya sindano. Akitikisa kichwa, ganzi haijashika. Kope la juu likilegea ni dalili nzuri.

Chuma kiwe chekundu hasa. Kilichopoa humlazimu mchomaji kukandamiza muda mrefu, na joto hupenya hadi kwenye fuvu. Zungusha sekunde 10 hadi 15 mpaka uone pete ya rangi ya shaba, kisha ondoa. Usipake mavi wala majivu. Nyunyizia dawa ya kufukuza inzi. Ganzi inaisha baada ya saa moja na nusu au mbili, na hapo maumivu hupanda kwa ghafla. Ndiyo sababu ya ile meloksikamu, ambayo humbeba ndama siku ya kwanza na ya pili. Ganzi peke yake inahamisha maumivu kutoka asubuhi kwenda mchana. (Wenye ng'ombe wa Ankole, hii haiwahusu. Pembe zile hakuna wa kuwaambia mzichome.)

Kuhusu maziwa, lita 4 ni hesabu ya kale ya asilimia 10 ya uzito. Jasper na Weary waliwaachia ndama wanywe watakavyo mwaka 2002. Walikunywa karibu lita 9 kwa siku, mara mbili ya wenzao wa asilimia 10, na wakaongezeka uzito kwa kasi ya asilimia 63 zaidi. Wala hawakuharisha zaidi. Ndama mwenye njaa utamjua: anagonga ndoo kwa pua ikiwa tupu, ananyonya masikio na kitovu cha mwenzake, anasimama langoni kila anapokuona.

Tunajua maziwa ndiyo ada ya shule. Mahali pa kubana basi pasiwe wiki za mwanzo. Dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) lita 3 hadi 4 ndani ya saa 6 za kwanza, bila mjadala, kwa kuwa utumbo hufunga mlango wa kinga ndani ya siku moja. Toka siku ya 3 hadi wiki ya 5 toa lita 6 kwa siku, mara mbili au tatu, kwa chuchu ya mpira badala ya ndoo ya kuinamia. Kunyonya kwenyewe kunamridhisha na kunapunguza kunyonyana. Maji safi na pumba nzuri viwepo tangu wiki ya kwanza. Halafu punguza kidogokidogo kwa siku 10. Anayeachishwa kwa siku moja hurudi nyuma uzito, na zile lita ulizookoa zinapotea.

Kama una ndama wawili wanaokaribiana umri, waweke pamoja. Utafiti wa mwaka 2014, wa chuo hichohicho cha Canada, ulikuta ndama waliolelewa peke yao wanachelewa kujifunza kanuni ikibadilika, na wanashtushwa na kitu kilekile kila siku kana kwamba hawajawahi kukiona. Mtamba wa namna hiyo ndiye atakayekupiga teke siku ya kwanza ya kukamuliwa.

Anayevunja nguzo

*Ng'ombe wangu wa bandani anasugua kichwa na shingo kwenye nguzo mpaka imelegea. Anaumwa? Mama, Mityana.*

Mama, kwanza fumua manyoya ya shingo na shina la mkia utazame chawa, kupe na upele. Usipoviona, anajikuna tu, na anapenda kujikuna kuliko tunavyodhani. Mwaka 2018 ng'ombe walipimwa kwa lango lenye uzito uliokuwa ukiongezwa: waliisukuma mizigo mizito ili wafikie burashi kwa bidii ileile waliyoitumia kufikia chakula kipya. Pigilia vichwa viwili vya fagio gumu la sakafu kwenye nguzo imara, kimoja usawa wa bega, kingine juu kidogo kikiinama. Ya nailoni ngumu hudumu. Ya nyuzi laini ataila. Misumari iingie kabisa, isitokeze.

Samaki wanapanda juu alfajiri

*Bwawa langu la ngege (huko Tanzania wanaita sato) limekuwa kijani, na alfajiri samaki wanahema juu ya maji. Pia naomba kujua: tunawavua na kuwaacha wafe kwenye beseni. Mwanangu anauliza kama wanasikia uchungu. Msomaji, Kajjansi.*

Ukijani ni mwani. Mchana unatoa oksijeni, usiku unaivuta pamoja na samaki, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa hufika karibu na mapambazuko. Ngege ni mvumilivu, lakini akipata chini ya miligramu 3 kwa lita hali vizuri na magonjwa humpata, kwa hiyo lenga 5. Siku unayowaona wanahema usilishe. Vuta maji ya bwawa lenyewe kwa pampu, uyarudishe kwa bomba lililotobolewa ili yaanguke kama mvua. Sitisha mbolea ya samadi. Kisha funga sahani nyeupe kwenye fimbo yenye alama, izamishe saa sita mchana: ikipotea machoni kabla ya sentimita 25, badilisha robo ya maji. Lisha kuanzia saa tatu au nne asubuhi, oksijeni ikiwa imerudi, na uache chakula kisipoliwa ndani ya dakika 15. Hata ziwa lenyewe halisalimiki. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walikufa Ziwa Viktoria, na watafiti wa serikali wakataja upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuyavuruga maji. Wenye vizimba vya ziwani wasafishe nyavu. Wavu uliojaa mwani hauachi maji kupita.

Mwanao ameuliza swali lililojibiwa mwaka 2003. Sneddon na wenzake walikuta kwenye kichwa cha trauti, samaki wa maji baridi, vipokezi 58 vya neva, 22 kati yao vikiwa vya kutambua maumivu. Samaki waliodungwa sumu ya nyuki au siki mdomoni walisugua midomo kwenye changarawe na kuacha kula. Walipowekewa mnara mwekundu wa Lego, kitu ambacho trauti mzima hukikwepa, waliodungwa siki hawakujali, akili ilikuwa kwenye maumivu; wakipewa mofini, tahadhari inarudi. Na hesabu iliyochapishwa mwaka 2025 inakadiria kwamba trauti anayeachwa hewani hupata maumivu ya wastani hadi makali kwa takriban dakika 10, pengine zaidi ya 20. Beseni lako ndilo hilo. Barafu si msaada, inamchelewesha tu.

Tumia rungu fupi la mti mgumu. Mshike samaki kwa kitambaa kilicholowa, piga pigo moja la nguvu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, kisha kata matamvua ndani ya sekunde 10 damu itoke. Amezimia kweli ikiwa vifuniko vya matamvua vimeacha kujongea na jicho halizunguki unapomgeuza ubavu. Likizunguka, piga tena. Kabla ya siku ya kuvua, waache saa 24 bila chakula, ila usizidishe. Na usiwabane wote kwenye wavu mmoja; wanaosubiri zamu kwenye maji haba huishiwa oksijeni, nyama yao hukakamaa mapema na kuharibika haraka.

Kasuku wa marehemu mzee

*Tumerithi kasuku wa kijivu, ana miaka mingi kizimbani. Kifua amekinyofoa chote. Tumwachie aruke zake? Familia, Entebbe.*

Msimwachie; hajui kutafuta chakula wala kumkwepa mwewe. Kasuku huyo analindwa na sheria, na kumfuga kunataka kibali cha Uganda Wildlife Authority. Pigeni simu huko mjieleze kabla hawajaelezwa na jirani. Wataalamu wa kituo cha wanyama pori hapo hapo Entebbe wamezoea ndege kama hao.

Kwa nini anajinyofoa? Utafiti wa mwaka 2021 uliolinganisha kasuku 1,378 wa aina 50 ulikuta kwamba aina ambazo porini hula vyakula vya kubanguliwa, kama kokwa na mbegu ngumu, ndizo zinazojinyofoa zaidi kizimbani. Zenye ubongo mkubwa huishia kwenye mazoea mengine ya kujirudia. Kasuku wa kijivu porini hubangua kokwa za michikichi kwa saa nyingi. Kwenu anapewa alizeti kwenye kikombe, anamaliza, siku bado ndefu.

Akiwa bado anasubiri kuchukuliwa, ondoeni kikombe. Fungeni chakula kwenye karatasi isiyo na wino, kwenye gunzi lililotobolewa, kwenye kipande cha mti laini chenye matundu. Mpeni karanga na maganda yake na tawi bichi la mpera atafune gome. Ongezeni ugumu polepole, akishindwa siku nzima atakaa na njaa. Mwaka 2003 kasuku wachanga wa Amazoni waliopewa kazi za namna hiyo waliacha kujinyofoa au hawakuanza. Kwa mkongwe kama wenu manyoya huenda yasirudi yote, kwa kuwa vinyweleo vilivyong'olewa mara nyingi hufa. Alale gizani saa 10 hadi 12, mbali na televisheni.

Nyuki naye?

*Nasikia wazungu wanasema hata nyuki anacheza. Mrina asali, Arua.*

Ni kweli, mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Queen Mary, London: nyuki wakubwa wenye manyoya waliviringisha vijipira vya mbao bila kupewa chochote, mmoja wao mara 117. Wadogo kwa umri walicheza kuliko wazee. Kama ni raha au la, ubishi unaendelea, lakini kwako mzingani jambo ni dogo: moshi uwe mweupe na wa baridi, wa nyasi kavu zilizochanganywa na mbichi. Jaribu kwenye kiganja. Ukikuchoma wewe unamchoma na yeye mabawa. Pumzi tatu mlangoni, ngoja dakika mbili washibe asali, ndipo ufungue. Chukua masega ya pembeni yaliyofunikwa nta, yenye watoto yaache, na mwenge wa moto usikaribie mzinga.